Sefti Iliyolegea

Inspekta Drusilla Nyamoita hakuwa na gari. La kituo lilikuwa limepandishwa juu ya mawe tangu mwezi uliopita, likingojea gia. Hakuwa na shahidi aliyeona risasi ikitoka. Hakuwa na alama za vidole, kwa kuwa kwenye bunduki yenyewe hazikupatikana za mtu yeyote. Hakuwa na ujuzi wa bunduki za marisau, zile za wawindaji, maana chuoni alifundishwa bastola na zile ndefu za polisi, akaishia hapo. Hakuwa na mkubwa wa kumwunga mkono, kwani mkuu wa kituo alikwisha kulifunga faili na kulipiga muhuri. Wala hakuwa na wiki nyingine. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, na Jumatatu Jasper Ombati angesimamishwa Mahakama Kuu asomewe shtaka la kumuua Josiah, ndugu yake mkubwa, mtoto wa tumbo moja.

Alikuwa na swali moja tu: kwa nini mtu atunge uongo ambao bunduki yenyewe inaweza kuukanusha?

"Nisomee tena alichosema," alimwambia Koplo Haron Makori.

Makori alikuwa mtunza ghala la silaha la kituo, mtu mnene, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, ambaye hakuruhusu mtu avuke kizingiti cha ghala lake na viatu vyenye matope. Alivaa miwani akasoma:

"'Tumbili waliingia kwenye mahindi. Ndugu yangu akatoa bunduki ya marehemu baba. Sefti ikakataa. Akahangaika nayo, kisha akanipa mimi akasema, jaribu wewe mwenye vidole vya kuchuma chai. Nikaivuta kwa nguvu. Ilipoachia, bunduki ikalia. Yeye alikuwa amesimama mbele yangu.' Mwisho wa maneno yake, Madam."

"Na mtaalamu wa Nairobi?"

"'Sefti inafanya kazi sawasawa, inateleza bila kizuizi.' Maneno mafupi, kama ya mtu anayewahi chakula."

"Alijibu alichoulizwa. Ilete tuione wenyewe."

Makori aliileta juu ya mikono miwili. Ilikuwa bunduki ya zamani, ile inayojipakia yenyewe baada ya kila mlio, iliyonunuliwa na mzee Ombati enzi za ujana wake. Kitako kilikuwa na ufa uliofungwa kwa waya wa shaba. Makori alielekeza mtutu kwenye ndoo ya mchanga, akafungua chemba, akachungulia, akaingiza kidole kuhakikisha hamna kitu, akachungulia tena.

"Tazama hapa," alisema. "Sefti ya bunduki hizi za kale haiko pembeni. Ni huu ulimi mdogo wa chuma, uko ndani ya tundu la kifyatulio, mbele yake kidogo. Ukiusukuma mbele, bunduki imelala. Ukiuvuta nyuma kuelekea kifyatulio, imeamka. Waliotengeneza hii hawakuwa na adabu, Madam. Wameweka usalama na kifo chumba kimoja."

"Kwa hiyo ukiuvuta kwa nguvu zako zote, halafu ukaachia ghafla?"

"Kidole kinaruka nyuma, kinaangukia kifyatulio. Wazee waliijua hatari hiyo. Lakini ni lazima kwanza uwe mgumu. Jaribu huu."

Nyamoita aliingiza kidole cha mwisho, kile kidogo, akaugusa ulimi ule. Uliteleza kama kipande cha sabuni. Akausukuma mbele, akauvuta nyuma, mbele, nyuma. Haukutoa hata sauti.

Alimrudishia Makori bunduki.

"Mtoto wa nasari angeuvuta," alisema Makori polepole. "Huyo kijana anadanganya, Madam. Pole."

*

Jasper Ombati aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa kijana mchumaji chai, mabega mapana, na macho ya mtu aliyeacha kuhesabu siku. Nyamoita aliweka mbele yake kikombe cha bati.

"Kikombe hiki ni bunduki. Sikio lake ni pale penye kifyatulio. Nionyeshe ulivyovuta."

"Madam, nimesema mpaka mdomo umechoka."

"Sitaki mdomo. Nataka kidole."

Jasper alishika kikombe, akapinda kidole cha shahada cha mkono wa kulia ndani ya sikio lile, akavuta kuelekea kwake hadi misuli ya shingo ikasimama. Nyamoita hakutazama shingo. Alitazama kidole. Ukucha ulikuwa umeng'oka nusu, na mpya, laini, ulikuwa ukichomoza chini yake.

"Ukucha huo umefanya nini?"

"Ni siku hiyo. Ulibaki kwenye ile sefti. Niliwaambia, wakasema nimejikwaa seli."

"Jasper, nimetoka kuishika bunduki yenu sasa hivi. Sefti inateleza. Nimeisogeza kwa kidole kidogo."

Jasper aliweka kikombe chini kwa uangalifu mwingi, kana kwamba kimejaa maji ya moto.

"Bunduki ya nani?"

"Ya baba yenu."

"Ina ufa kwenye kitako? Imefungwa kwa waya wa shaba?"

"Hiyo hiyo."

Alimtazama inspekta, akatazama kuta, akamtazama tena. Hatimaye alisema, "Josiah alikuwa akipigana na sefti ile kila wakati tumbili wakija. Kijiji kizima kilikuwa kikimcheka. Walimwambia atumie fimbo tu. Inateleza vipi?" Akainuka nusu, konstebo wa mlangoni akamrudisha kitini. "Madam, nani ameitengeneza?"

Nyamoita alitoka chumbani mle kwa hatua ndefu kuliko alizoingia nazo.

*

"Ifungue," alimwambia Makori.

"Niifungue vipi? Hiyo ni kielelezo cha mahakama!"

"Mtaalamu amemaliza kazi yake na ameirudisha. Mimi napiga picha kila skrubu kabla ya kuiondoa na baada ya kuiondoa, wewe unatia sahihi, nami natia sahihi. Kosa likitokea ni langu."

Makori alitandika gunia safi mezani. Alitoa kitako, akalegeza skrubu za chini, akachomoa sahani ya kifyatulio pamoja na vyuma vyake vidogo. Simu ya Nyamoita ilikuwa ikipiga picha. Ghafla Makori alisimama, bisibisi mkononi, pua imekunjamana.

"Nini?"

"Hebu ngoja." Alichokonoa mfuo wa skrubu kwa sindano. Ilitoka punje ya kijivu. Akachokonoa wa pili; nyingine. Akapitisha kidole ndani ya sahani, kikatoka kinang'aa kwa mafuta ya manjano, mazito. Akanusa. "Haya si mafuta ya bunduki. Haya ni ya kukamulia! Ya kupaka chuchu za ng'ombe!" Sauti yake ya kwaya ilijaa ghala zima. "Na hili ni jivu! Jivu la jikoni! Nani ameosha bunduki kama sufuria ya ugali?"

"Punguza sauti. Sisi hatujaigusa?"

"Madam, niliipokea, nikaifungia kwenye mfuko, nikatia lakiri. Ilikuwa safi, nikadhani marehemu alikuwa mtu wa nidhamu."

"Mtutu una masizi?"

Makori aliuelekeza kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia. "Hakuna chembe. Bunduki iliyoua mtu, na mtutu mweupe." Alishusha mkono. "Na hakuna aliyeuliza."

"Ndiyo maana haikuwa na alama za vidole," alisema Nyamoita. "Wala za mwenyewe. Sasa niambie kuhusu sefti. Kama ilikuwa imekwama, ilikwama kwa nini?"

Makori aliinama. Ulimi wa sefti ulishikiliwa na springi bapa, nyembamba kama jani la chai. Aliinyanyua kwa ncha ya kisu. Chini yake, mahali ambapo maji hayangeweza kupenya, palikuwa na ukoko mweusi, mgumu, mfano wa lami. Aliukwangua, akausugua kati ya vidole mpaka ukapata joto, akanusa, akatabasamu kwa uchungu.

"Mafuta ya kupikia. Watu wetu, Madam! Akikosa mafuta ya bunduki anapaka ya kukaangia mandazi. Mwaka wa kwanza inateleza, anajisifu. Baada ya hapo yanakuwa gundi. Sefti hii ilikuwa imegandishwa kama mlango uliopakwa rangi ukiwa umefungwa."

"Na maji moto na jivu?"

"Yanakula mafuta yaliyoganda kuliko sabuni ya dukani. Kila mama wa huku anajua."

"Leta ulimi wenyewe kwenye mwanga."

Kando ya ulimi ule mdogo wa chuma palikuwa na alama za meno. Vishimo vidogo vilivyopangana, jozi kwa jozi. Vingi vilikuwa vimeshika kutu, vya zamani. Jozi moja ilikuwa inang'aa, chuma kitupu, kipya.

"Koleo," alisema Makori. "Mtu alikuwa akiuvuta kwa koleo. Mara nyingi. Na mara moja hivi karibuni." Akavua miwani. "Basi ni wazi. Jasper aliua, kisha akaiosha bunduki apoteze ushahidi."

"Fikiri, Koplo. Kinga yake yote ni kwamba sefti ilikuwa imekwama. Yeye ndiye aikwamue? Mtu huosha ushahidi unaomfunga, haoshi unaomfungua."

Makori alivaa tena miwani, akauinamia ulimi ule.

"Nguo za marehemu ziko wapi?" aliuliza Nyamoita.

Mfuko ulikuwa kwenye rafu ya juu, jinsi ulivyoletwa kutoka hospitalini. Kibandiko kilisema: koti, suruali, gumbuti. Kibandiko hakikusema lolote kuhusu mifuko ya koti. Nyamoita alivaa glavu. Koti lilikuwa limekauka gumu upande wa kifua, naye aliligeuza taratibu. Mfuko wa nje ulikuwa na kitambaa cha mkononi. Mfuko wa ndani ulikuwa mzito. Alichotoa ni koleo ndogo ya fundi umeme, na katikati ya meno yake palikuwa na utandu mweusi, mgumu.

Makori aliushika ukingo wa meza. Alileta ukwanguo ule wa chini ya springi, akauweka kando ya koleo. Rangi ilikuwa moja. Harufu ilikuwa moja. Akavua kofia.

"Josiah mwenyewe," alisema kwa sauti ndogo. "Alijaribu kwa koleo, ikamshinda. Akairudisha mfukoni. Akampa mdogo wake bunduki." Aliiweka kofia mezani. "Madam, tumemfungia ndani mtu aliyesema kweli."

"Bado hatujathibitisha. Mwendesha mashtaka atasema kama ulivyosema wewe: Jasper aliiosha. Lazima nijue ni mkono wa nani ulioshika jivu. Na lazima nijue leo."

*

Walipanda pikipiki ya kituo, Makori akiendesha, hadi Itumbe, kijijini kwa kina Ombati. Kwenye banda la kuuzia majani chai walimkuta Ochoki, jirani wa kina Ombati, akingoja zamu ya mizani. Huyu ndiye aliyeandikisha kwamba ndugu wale wawili walikuwa wamegombana juu ya mpaka wa miche ya chai.

"Mmekuja kunipeleka mahakamani?" aliuliza Ochoki. "Niko tayari. Nitasema kila kitu. Yule kijana aliapa atamzika ndugu yake."

"Aliapa lini?"

"Juzi yake. Na Josiah akamjibu, utanizika na jembe lipi, hata la kupalilia huna!" Wachumaji waliokuwa karibu wakacheka, kisha wakakumbuka nani aliyekufa, wakanyamaza.

"Siku yenyewe ulikuwa wapi?"

"Shambani kwangu, ng'ambo ya ua. Nilisikia mlio, nikaruka ua. Mimi ndiye niliyefika wa kwanza baada ya mama yao."

"Jasper alikuwa akifanya nini?"

"Amekaa juu ya jiwe la kunolea. Mwuaji mkavu yule! Hakulia, hakusaidia kubeba, hakufanya lolote. Sisi tulimbeba Josiah mpaka barabarani, tukarudi, tukamkuta palepale. Polisi walichelewa kwa sababu ya mvua, wakafika mchana, wakamkuta palepale."

"Una hakika hakuinuka?"

"Nilimlinda mwenyewe na panga langu mkononi. Angeinuka wapi? Hata mikono hakunawa. Damu ya ndugu yake ilimkaukia vidoleni, na huyo anakaa tu kama kinyago cha mawe ya kuchonga ya kule Tabaka."

"Na bunduki ilikuwa wapi?"

Ochoki alikuna kidevu. "Mwanzoni ilikuwa chini. Polisi walipofika ilikuwa imeegemezwa ukutani, jikoni kwa mama." Alikunja uso. "Sasa nani aliipeleka kule?"

"Asante, Bwana Ochoki," alisema Nyamoita. "Umemsaidia sana."

"Nimemsaidia nani?"

Lakini pikipiki ilikuwa imeshawaka.

*

Mama Bitutu, mama wa marehemu na wa mshtakiwa, alikuwa akijitayarisha kuipokea Sabato. Chakula cha kesho kilikuwa kimeshapikwa. Sufuria zilikuwa zimepangwa juu ya uchanja, matako juu, zinang'aa kama fedha. Walisalimiana kwa Kigusii, naye akawapa viti, akamletea Makori maziwa ya mgando kwenye kibuyu, kwa kuwa mgeni ni mgeni hata akiwa ndiye aliyekufungia mtoto.

"Sufuria zako zinang'aa, Mama," alisema Nyamoita.

"Sabato haipokelewi na masizi, mwanangu."

"Unasugua na nini?"

"Jivu. Wengine wananunua sabuni. Mimi Mungu amenipa jiko."

"Ukishasugua panga na visu vya kupogolea, unavipaka nini visishike kutu?"

"Haya ya ng'ombe," alijibu, akielekeza kidole kwenye kopo juu ya dirisha. Kidole kilibaki hewani. Alimwangalia Makori. Makori alikuwa ameshusha kibuyu na alikuwa akitazama lile kopo.

"Mama," alisema Nyamoita, "uliiosha lini bunduki?"

Mwanamke yule hakushtuka. Alikaa juu ya kigoda chake, akanyoosha kanga magotini.

"Mliniuliza nani alikuwa na bunduki. Hamkuniuliza nani aliiosha."

"Sasa nakuuliza."

"Chuma kilichomwaga damu ya nyumba hakilali ndani ya nyumba na damu hiyo. Ni mila yetu. Wewe pia ni wa huku."

"Mimi ni wa huku. Na mila hiyo husimamiwa na wazee, mbele ya jamaa, baada ya mazishi. Wewe ulichemsha maji mwenyewe, mwanao akiwa bado njiani kwenda hospitalini. Tena wewe ni Msabato; hata matanga ya jirani huendi wakifanya mambo hayo. Mama, usinipe ya wazee. Nipe yako."

Kuku alipita mlangoni. Mama Bitutu alimfukuza kwa mkono, bila kumtazama.

"Nilisikia mlio nikiwa kwenye ng'ombe," alisema. "Nikatoka. Nikaona mmoja yuko chini, na mwingine ameshika bunduki. Juzi yake walikuwa wametukanana juu ya mpaka wa shamba hata nikawafungia milango. Mimi niliyewazaa nilisimama pale nikasema moyoni: amemuua. Kaini amemuua Abeli, na ni tumbo langu." Alinyoosha kanga tena. "Nikasema, mmoja nimempoteza. Serikali isichukue wa pili. Nilikuwa nimesikia kwenye redio kwamba serikali huona vidole vya mtu kwenye chuma. Wanaume walipombeba Josiah, nikaichukua. Nilimimina maji ya moto kila tundu, kama unavyomnyonyoa kuku. Nikasugua na jivu. Nikapaka mafuta. Ilikuwa nzito ile sefti, ilinisumbua, nikaisugua mpaka ikalegea."

Makori alisogea karibu.

"Rudia hapo," alisema Nyamoita. "Sefti ilikuwaje ulipoanza?"

"Ilikuwa imekwama. Ilikuwa inakwama siku zote. Nilimimina maji mara tatu ndipo ikakubali."

Nyamoita alivuta kiti karibu, magoti yakakaribia kugusana na ya mama yule.

"Sikiliza vizuri. Jasper alisema tangu siku ya kwanza kwamba sefti ilikuwa imekwama, Josiah akamwomba aijaribu, akavuta, ikaachia ghafla, kidole kikaangukia kifyatulio. Hatukumwamini, kwa sababu sisi tulipoishika ilikuwa inateleza. Leo tumepata koleo ndani ya koti la Josiah. Ina mafuta ya sefti hiyo kwenye meno. Josiah alijaribu yeye kwanza, ikamshinda. Mama, mwanao hakumuua ndugu yake kwa kusudi. Ilikuwa ajali. Na kitu kilichokuwa kinamnyonga ni ile sefti uliyoilegeza."

Mama Bitutu alikuwa akimtazama mdomoni, si machoni, kama mtu anayemsikiliza mgeni wa lugha nyingine.

"Sema tena."

Nyamoita alirudia, polepole.

"Aliniambia," alisema mama. "Walipokuwa wanampandisha kwenye gari. Alipiga kelele, 'Mama, ilikwama! Waambie ilikwama!' Nikamwambia nyamaza. Nikamwambia, usiongeze uongo juu ya damu, omba Mungu." Aliiangalia mikono yake, akaigeuza upande wa pili. "Alinitazama. Mimi nikageuka nikaingia ndani."

Makori, mtu wa maneno, alitoka nje akasimama karibu na migomba, mgongo kwao.

Nyamoita alifungua begi lake. "Nahitaji maelezo yako kwa maandishi, pamoja na barua yangu kwa ofisi ya mashtaka kule Nyamira. Yakifika leo kabla hawajafunga, shtaka la mauaji linaweza kuondolewa kabla ya Jumatatu. Lakini lazima nikuonye. Kuosha bunduki ile ni kosa. Unaweza kushtakiwa wewe."

"Nishtakiwe."

"Na huna lazima ya kusema chochote bila wakili."

"Nimesema nishtakiwe. Andika." Nyamoita alianza kuandika. Mama alinyoosha mkono akaishika karatasi. "Lakini andika ni mila. Andika nilitakasa nyumba."

"Kwa nini?"

"Atasomewa?"

"Wakili wake atapewa nakala. Ndiyo, atasomewa."

"Basi atajua kwamba nilimdhania. Mwanangu wa pekee aliyebaki. Andika mila, mwanangu, nakusihi. Wewe ni mtoto wa mwanamke."

Nyamoita aliweka kalamu chini.

"Nikiandika mila, mwendesha mashtaka atawaita wazee, nao watasema mwanamke hatakasi peke yake jikoni. Atasema mmepanga, wewe na Jasper. Koleo haitatosha. Anayeamini kwamba mtoto wake hana hatia haoshi bunduki, Mama. Wewe uliiosha kwa sababu ulimdhania. Hiyo ndiyo sababu pekee mahakama itakayoielewa, na ndiyo inayomtoa."

Jua lilikuwa limeanza kuinama juu ya mashamba ya chai, na huko chini kiwanda kilikuwa kikifuka moshi. Mama Bitutu aliiachia karatasi.

"Andika," alisema. "Andika jina langu lote. Mimi Bitutu, mjane wa Ombati, nilimdhania mwanangu Jasper kuwa mwuaji, na hakuwa. Weka hilo juu, kabla ya jivu na maji. Usilifiche katikati."

Nyamoita aliandika kama alivyoambiwa, akamsomea neno kwa neno kwa Kigusii. Mama alishika kalamu kwa ngumi, kama mwiko, akaandika jina lake kwa herufi kubwa alizofundishwa kanisani.

Makori aliitwa, akatia sahihi ya ushahidi. Inspekta alikunja maelezo ndani ya barua yake, pamoja na orodha ya picha, akavitia ndani ya bahasha ya kaki. Gundi ya mdomo wa bahasha ilikuwa imekauka, haikushika. Alipotaka kutoa utepe, mama yule alimzuia. Alichovya kidole kwenye sufuria ya uji wa kesho, akapaka mdomo wa bahasha kutoka mwanzo hadi mwisho, akaukunja, akaukandamiza kwa kiganja chake chote juu ya goti.

"Imeshika?" aliuliza.

"Imeshika."

"Haiwezi kufunguka njiani?"

"Haiwezi, Mama."

Aliikandamiza kidogo zaidi, kisha akamkabidhi Makori kwa mikono miwili. Koplo aliiingiza ndani ya shati, akapiga pikipiki teke, akashuka kilima kuelekea Nyamira bila kuaga. Mama Bitutu alibaki amekaa, kiganja kingali juu ya goti, kikikandamiza mahali ambapo bahasha haikuwapo tena.